Hela ya kupima gari: lini ulipe, lini ukatae

Fundi akikuambia "hela ya kupima ni hii, matengenezo tutaongea baadaye", usimwone tapeli. Kama chanzo cha tatizo hakijulikani, huyo ndiye wa kumsikiliza. Yule anayesema "leta tu, kuangalia bure" ndiye wa kumuuliza maswali mengi.

Kuna kazi ambazo hutakiwi kulipia makadirio hata kidogo. Breki padi zimebaki chini ya milimita 3, shokamzoba imevuja oili, fani belti ina nyufa, plagi zimefikisha kilomita zake: hapo fundi hapimi chochote. Anajumlisha bei ya spea na hela ya ufundi, basi. Chukua makadirio ya gereji mbili au tatu bila kutoa senti, kwa sababu zote zinakupa bei ya kitu kile kile na unaweza kulinganisha.

Mambo yanabadilika unapokwenda gereji na dalili tu, bila kujua ni kazi gani inatakiwa. Taa ya injini imewaka. Gari linatetemeka likiwa kwenye foleni. Rejeta inapoteza maji na huoni tone chini. Betri mpya inalala usiku na asubuhi gari haliwaki. Bei unayopewa hapo kabla ya kupima ni ya kubahatisha, na anayebahatisha hubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka dalili iondoke. Spea zote zilizojaribiwa unalipa wewe. Muda wa fundi usipolipwa waziwazi hulipwa kwa mlango wa nyuma, yaani kwenye cha juu cha spea, na fundi wa namna hiyo hana sababu ya kukuambia kwamba tatizo ni waya uliokatika.

Hapa kuna kosa la kawaida sana: watu wanalipia kusomewa namba wakidhani wamelipia kupimiwa gari. Kuchomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi na kusoma namba ya hitilafu ni kazi ya dakika kumi. Namba hiyo inaonyesha mfumo gani umelalamika. Haisemi spea gani imekufa.

Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza yenye injini ya 1NZ-FE, gari lililojaa barabara za Dar es Salaam. Mashine imetoa P0301, maana yake silinda namba moja inakosa kuchoma vizuri. Fundi wa haraka atakuambia ununue koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), au koili zote nne. Fundi anayepima atahamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, ataifuta namba kwenye kompyuta ya gari, kisha ataliendesha. Namba ikigeuka P0302, yaani silinda ya pili, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0301, anafanya vivyo hivyo kwa plagi. Ikibaki tena, anaangalia waya wa koili na nozeli inayopulizia mafuta silinda hiyo, halafu anapima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Hatua mbili za mwanzo hazihitaji spea yoyote mpya, ila zinahitaji muda, na muda huo ndio unaoulipia.

Kompresheni nayo ina utaratibu wake. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa koili vikatwe, pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini, betri iwe na nguvu. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 150 na 200, na kikubwa zaidi ni silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Silinda moja ikiwa chini, fundi anaweka kijiko kimoja cha oili ndani yake na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kisipopanda, anatafuta kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Bei za kazi hizo mbili zimepishana mno, ndiyo maana hakuna fundi anayeweza kukupa makadirio ya kweli kabla ya kipimo hiki.

Mfano mwingine unaokula hela za watu ni P0171, injini kupata hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Mara nyingi mwenye gari anauziwa sensa ya oksijeni, na sensa hiyo mara nyingi ndiyo mleta taarifa tu. Wa kutiliwa shaka kwanza ni mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka, filta ya mafuta iliyoziba, au ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Mashine nzuri inaonyesha kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa nyongeza ni kubwa gari likiwa limesimama, halafu inashuka karibu na sifuri injini ikipandishwa mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Ikiwa inazidi kadiri unavyokanyaga mafuta, angalia pampu, filta na sensa ya hewa. Mwombe fundi akuonyeshe namba hizo. Kama hazijui au mashine yake haizionyeshi, mlipe bei ya kusomewa namba tu.

Kwa umeme, vipimo vichache vinamaliza ubishi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Wakati stata inazungusha injini isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, magari mengi yasome kati ya 13.8 na 14.5, ikionyesha alteneta inachaji. Kama yote yako sawa na bado betri inalala, kuna kifaa kinachokunywa umeme gari likiwa limezimwa. Kukisaka ni kazi ya subira: milango inafungwa, unasubiri nusu saa kompyuta zote zilale, ndipo unapima. Ikizidi miliampea 50 au hivi, fyuzi zinatolewa moja moja mpaka namba ianguke. Hiyo ni saa moja hadi tatu za fundi umeme, na kumtaka aifanye bure ni kumtaka akudanganye.

Kuhusu kiasi, kipimo changu ni hiki: upimaji wa kawaida usizidi hela ya ufundi ya saa moja au moja na nusu katika gereji hiyo hiyo. Ukihitaji zaidi, fundi asimame, akuambie amefika wapi, akuombe ruhusa ya kuendelea. Omba pia hela ya kupima ikatwe kwenye bili endapo utatengeneza hapo. Wengi wanakubali.

Nchini Kenya jambo hili liko kwenye sheria. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Fundi hatakiwi kukutoza ada ya makadirio kama hakukuambia mapema kwamba ipo na ni kiasi gani, na ukiidhinisha kazi na ikafanyika, ada hiyo haitozwi. Bili ya mwisho nayo isizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Hata kama gereji yako iko Mbagala au Mwanza, masharti hayo yanafaa kuwa msingi wa makubaliano yenu.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale makadirio yanapohitaji kufungua. Giaboksi, silinda hedi, tabo. Gari likishafunguliwa vipande vipande, huna nguvu ya kukataa bei, maana huwezi kuliondoa. Kwa hiyo kabla bolti ya kwanza haijaguswa, kubalianeni juu ya bei tatu: ya kufungua na kukagua, ya kulifunga tena kama hutatengeneza, na ya vitu ambavyo vikitolewa havirudi, kama gasketi, sili na oili. Iandikwe, hata kwenye WhatsApp. Anayekataa kutaja bei ya kufunga tena, usimwachie funguo.

Na kabla ya kukubali hedi ifunguliwe kwa sababu gari linachemsha, hakikisha vipimo vya bei ndogo vimefanyika. Mfuniko wa rejeta upimwe kama unashika presha, kwa kawaida karibu bar 1. Mfumo wote ujazwe presha injini ikiwa baridi, kuona kama inashuka. Feni iwake yenyewe. Tamostati, yaani valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, ifunguke injini ikipata moto. Halafu kuna kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: kwenye injini ya petroli kikigeuka njano, moshi wa silinda unapenya kwenye maji, na hapo kufungua hedi kuna msingi. Hedi nyingi zimefunguliwa kwa kosa la mfuniko.

Ukishalipa, dai karatasi au ujumbe wenye dalili uliyoleta, namba za hitilafu zilizosomwa, vipimo vilivyofanywa na matokeo yake kwa tarakimu, spea inayotakiwa pamoja na namba yake, na bei ya spea ikiwa imetengwa na ya ufundi. Spea iandikwe ni mpya halisi, mpya ya kuiga, au ya mtumba, kwa sababu koili hiyo hiyo ina bei tatu. Namba zisifutwe kabla hujapiga picha. Zikifutwa, kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea huondoka nazo, na fundi wa pili ataanza gizani. Karatasi hiyo ni mali yako. Unaweza kwenda nayo gereji nyingine, au dukani Kariakoo kuulizia bei mwenyewe.

Linabaki swali la fundi aliyepima na asipate kitu, hasa kwa tatizo linalokuja na kupotea. Mlipe, mradi akupe orodha ya vilivyopimwa na kuonekana vizima. Kisha andika tatizo linatokea lini: injini baridi au moto, mvua au jua, mwendo gani, AC ikiwa imewashwa au la, tangi lina mafuta kiasi gani. Ukirudi na maelezo hayo, upimaji wa pili unaanzia ulipoishia wa kwanza, na una haki ya kuomba bei pungufu.