Ganzi ya mguu, ganzi ya embe

Nikishuka matatu ya kutoka Mtwapa hunibidi nisimame kwanza: mguu umekufa ganzi kwa kubanwa na kiti. Hapo ganzi ni kutohisi kabisa, sawa na ile ya sindano ya daktari wa meno.

Lakini kula embe bichi la pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, la chumvi na pilipili, uone. Meno yanaingia ganzi, hata dafu baridi hulinywi. Meno hayo hayajakosa hisia. Yanahisi kupita kiasi, kwa ile tindikali! Na neno ni lile lile.

Shangazi yangu ana ganzi yake ya tatu, ya mfiwa asiyelia: "Huyo moyo umekufa ganzi." Hapo hatuelewani. Mimi naona mfiwa huyo bado ana mshtuko tu.