Ukimya wa Abiria Botini

Saikolojia ya jamii ni elimu inayochunguza jinsi kuwapo kwa wenzetu kunavyobadili mawazo na matendo yetu. Ndani yake limo jambo ambalo naamini kila anayesafiri katika Ziwa Victoria anapaswa kulifahamu: watu wengi wanaweza kuiona hatari ileile, kila mmoja akaingiwa na hofu moyoni, na bado wote wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja anautazama uso mtulivu wa jirani yake na kudhani kwamba mwenye wasiwasi ni yeye peke yake.

Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio lililoonyesha hali hiyo waziwazi. Wanafunzi waliketishwa chumbani wajaze dodoso, kisha moshi ukapenyezwa kupitia tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Kati ya kumi waliowekwa pamoja na watu wawili walioagizwa wasijali chochote, alitoka mmoja tu. Wengine waliendelea kuandika huku wakikohoa na kupikicha macho. Utafiti huo ulichochewa na mauaji ya mwanamke aitwaye Kitty Genovese yaliyotokea New York mwaka 1964, ingawa habari ya gazeti kwamba mashahidi 38 walitazama bila kufanya lolote ilikuja kubainika kuwa imetiwa chumvi. Majaribio, hata hivyo, yanasimama yenyewe bila kuihitaji habari hiyo.

Niliwahi kupanda boti ya mbao pale Kayenze, ikielekea visiwani. Kreti za soda na magunia ya unga yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa mabega yetu, na maji yalikuwa yamebakiza kiasi cha kiganja kuufikia ukingo. Hakuna aliyesema neno. Kila mtu alishughulika na simu yake au na mtoto aliyempakata, mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alipomwita nahodha: “Mwanangu, mzigo huu umezidi. Shusha hayo magunia.” Papo hapo mzee aliyeketi nyuma akauliza jaketi okozi ziko wapi, na kijana mwingine akahoji kama injini ya akiba ipo. Magunia yakashushwa.

Kilichotokea pale kinaelezwa vizuri na majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950. Mtu aliombwa kulinganisha urefu wa mistari, kazi nyepesi kabisa, lakini wenzake wote, kwa makubaliano ya siri na mtafiti, walitoa kwa pamoja jibu lisilo sahihi. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walifuata mkumbo angalau mara moja. Hapo ndipo wengi wanaposimulia Asch huishia, nami naona wanaacha sehemu yenye manufaa zaidi kwetu: alipowekwa mwenzao mmoja tu aliyejibu sahihi, kufuata mkumbo kulishuka hadi kama robo ya kiwango cha awali. Zaidi ya hapo, hata mwenza huyo alipotoa jibu lake mwenyewe lililokosewa zaidi kuliko la wengine, bado makosa ya mtu yule yalipungua sana. Ndiyo maana mzee na kijana wa Kayenze hawakuhitaji kurudia hoja ya mama yule kuhusu uzito. Ilitosha kwamba umoja wa ule ukimya ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na kila mmoja akatoa hofu yake aliyokuwa nayo tangu mwanzo.