Wageni wa Kweli Ni Wangapi?

Kila mwisho wa mwezi mimi hukaa na kumbukumbu za seva ya tovuti ninayoitunza hapa Kisumu, inayokusanya vipimo vya maji na samaki wa Ziwa Viktoria, na kila mara hukumbuka jinsi nilivyojidanganya mwanzoni. Nilihesabu maombi yote yaliyofika kwenye seva, yaani kila mara kivinjari kilipoomba faili moja, iwe ukurasa au picha, nikayaita wageni, ilhali ukurasa mmoja wenye grafu 20 huweza kuzalisha maombi 21 au zaidi hata kama aliyeufungua ni mwanafunzi mmoja tu.

Roboti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe bila mtu, ndizo zinazonisumbua zaidi. Zile za injini za utafutaji hujitambulisha kwa majina, kwa hiyo kuzichuja ni rahisi. Lakini zipo nyingine zinazojifanya vivinjari vya kawaida, nami huzitambua kwa kasi yao, kwani hakuna mtafiti anayesoma majedwali 100 kwa dakika moja. (Labda yule mwenye mtihani kesho.) Anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wa intaneti, nayo haiaminiki: mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja, hivyo darasa zima huweza kuonekana kama mtu mmoja.

Kwa upakuaji wa data ninafuata kanuni ya COUNTER (mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu matumizi ya machapisho ya mtandaoni), ambayo huhesabu mibofyo miwili ya mtu mmoja kwenye faili lile lile ndani ya sekunde 30 kuwa mmoja. Intaneti inapozubaa, watu hubofya tena na tena. Baada ya kuchuja, hesabu hupungua sana, na hiyo ndiyo ninayowapelekea wafadhili, ingawa mwenzangu angependa ile kubwa.