Safu ya siku ya saba: daftari langu la anime za Oktoba 2023

Septemba 30, 2023

Nimeanza. Daftari jipya, ukurasa mmoja kwa kila anime (katuni ya Kijapani), safu tatu: tarehe, episodi, alama kwa kumi. Anime za televisheni ya Japani huingia kwa mafungu manne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na miaka yote mimi husubiri fungu liishe ndipo nikeshe nalo siku mbili hadi macho yawe mekundu. Safari hii nakwenda nalo wiki kwa wiki. Sheria ni ile tuliyoizoea: episodi tatu, isiponishika naitupa. (Nasimulia yanayotokea humo bila kuficha. Usiyetaka kuharibiwa utamu, tuagane hapa.)

Jana Frieren, kwa jina kamili Sousou no Frieren, imefungua kwa episodi 4 kwa mpigo, saa mbili za kituo cha Nippon TV. Inaanzia pale ambapo hadithi nyingine hufungia: mfalme wa mashetani ameshauawa na mashujaa wanne wanarudi nyumbani baada ya miaka 10 ya safari. Usiku huo wanatazama mvua ya vimondo ambayo huja mara moja kila miaka 50. Frieren, mchawi wao, ni elfi, kiumbe wa ngano anayeishi muda mrefu mno, umri wake umepita miaka elfu, kwa hiyo anawaahidi wenzake kuwa mara ijayo atawapeleka mahali pazuri zaidi pa kuitazama, anavyoahidi mtu jambo la Jumamosi. Anarudi kweli. Himmel, mmoja wa wale wanne, yule kijana aliyekuwa akijipenda kwa kioo, amekuwa kizee kifupi chenye upara na ndevu.

Kwa jumla Frieren nimeipa 8. Sijui kwa nini si 9. Labda kwa sababu ni mwanzo na sitaki kumaliza alama zote mapema.

Oktoba 14

Undead Unluck nimeitupa, hata kabla ya episodi ya tatu. Wazo lake ni zuri, mwanamume asiyekufa na msichana ambaye ukimgusa balaa inakuangukia, lakini inarudia mambo niliyoyaona wiki iliyopita tu. Spy x Family imerudi: 7. Wiki iliyofuata: 7. Nahisi itakuwa 7 hadi mwisho wa dunia, na nitaitazama yote.

Oktoba 22

Nimesubiri hii. Kusuriya no Hitorigoto, yaani mtu wa dawa akijisemea peke yake, nayo imeingia kwa episodi 3 usiku mmoja. Maomao amekulia mtaa wa madanguro akisomea dawa, akatekwa na kuuzwa kuwa mtumishi katika jumba la wake wa mfalme. Watoto wa mfalme wanakufa mmoja mmoja, watu wanasema ni laana. Yeye anaona mara moja kuwa ni poda nyeupe ya uso, ile yenye madini ya risasi, na hatari ni kwamba mtoto anainyonya mwilini mwa mama na yaya. Anararua kitambaa, anaandika onyo, analifunga kwenye tawi la maua na kuliacha dirishani.

Halafu Jinshi, msimamizi wa jumba lile, anataka kumjua mwandishi. Anawakusanya watumishi wote, anainua karatasi bila kusema neno. Imeandikwa: wewe mwenye madoadoa usoni, baki hapa. Wengine hawajui kusoma, wanatoka. Maomao anabaki, na hapo amejisaliti. Nilipiga kofi peke yangu chumbani. 9.

Oktoba 28

Daftari limenishinda, na ni kosa la safu ya tatu.

Frieren ya jana ni episodi ya 8, na imefichua maana ya jina lenyewe. Sousou ni kumsindikiza maiti. Mimi mwezi mzima nilidhani jina linahusu mazishi ya Himmel, yale ambayo Frieren analia kwa sababu hakujisumbua kumfahamu. Kumbe ni jina la kutisha: mashetani ndio waliomwita hivyo, kwa kuwa hakuna mchawi aliyewazika wengi kama yeye. Jina lile lile, umeligeuza upande wa pili. Nikaandika 9 na nusu nikiwa bado natetemeka.

Kisha nikarudi kusoma alama za nyuma. Episodi ya 3 niliipa 7. Ni ile ya Qual, shetani aliyefungiwa miaka 80. Anaamka na kurusha uchawi wake wa kuua, Zoltraak, ambao zamani hapakuwa na ngao ya kuuzuia, na binti mdogo Fern, mwanafunzi wa Frieren, anauzuia tu. Katika miaka 80 wanadamu waliuchambua uchawi ule, wakaufundisha, wakautungia kinga, hadi ukawa ndio uchawi wa kawaida wa kushambulia. Shetani mzee amesimama pale anaelewa kuwa silaha yake imekuwa somo la darasani. Wiki nne zimepita na bado naifikiria nikioga. Saba! Na ile ya wiki iliyofuata niliyoipa 8, nimelazimika kutafuta ilihusu nini.

Kwa hiyo nimekata safu ya alama kwa rula. Mpya inaitwa SIKU YA SABA: nikishatazama siandiki chochote, na wiki ikitimia, kabla ya episodi mpya, naandika kitu kimoja nilichobaki nacho. Kimoja tu. Marufuku kurudia kutazama.

Novemba 2

Pluto imetoka Netflix, episodi 8 siku moja, na kila moja ni karibu saa nzima. Nimevunja kanuni ya wiki kwa wiki na kuimaliza kwa usiku mbili. Siku ya saba leo. Nilichobaki nacho ni cha episodi ya kwanza: roboti wa vita aliyeajiriwa kumhudumia mtunzi kipofu mwenye hasira, na anachoomba ni kufundishwa piano kwa sababu hataki kurudi vitani. Zilizofuata zimechanganyika kichwani kama nguo za rangi kwenye beseni moja.

Novemba 30

Jujutsu Kaisen inaendelea tangu Julai, na mwezi huu imekuwa mapigano ya Shibuya, mtaa wa Tokyo, mfululizo, majengo yanapeperuka, watu wakichambua fremu kwa fremu. Nilitazama mdomo wazi. Upande wa pili baadhi ya wachoraji wenyewe wanalalamika hadharani kuwa ratiba inawaua, na tangu nisome hayo siwezi kushangilia vita vile bila kujiuliza nani hakulala.

Safu inasema: mchanga. Nanami, mmoja wa wapiganaji, ameungua nusu ya mwili, anatembea kwenye kituo cha treni, na kichwani yuko ufukweni Kuantan, Malaysia, anapanga kujenga nyumba na kusoma vitabu vyote alivyovinunua bila kuvifungua. Vita vikubwa vya wiki zilizotangulia havimo kabisa, ingawa kwa alama za zamani vingepata 10.

Desemba 15

Goti la Himmel. Frieren anachagua pete bila kujali, kumbe ni yenye ua ambalo maana yake ni mapenzi ya milele. Himmel anapiga goti kumvisha. Frieren haelewi. Mimi nimeelewa, na inaniudhi kwamba siwezi kumwambia.

Februari 10, 2024

Wiki tatu sikutazama, kisha nikazitazama zote Jumapili moja. Safu tatu tupu. Sitajaza kwa kubahatisha.

Kwenye Frieren tuko kwenye mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza na majina mapya ni mengi mno. Nusu yao nawatambua kwa nywele. Kilichobaki: mvua. Eneo la mtihani limezibwa kwa kinga hata mvua haipenyi, na Kanne, ambaye uchawi wake ni wa maji, hana maji. Frieren anakaa anaichunguza ile kinga bila haraka, anaivunja, na mvua inaanza.

Machi 17

Waridi za bluu za Maomao, zilizopakwa rangi kwa kunyweshwa maji yenye rangi. Mkono wangu uliandika kabla sijafikiri.

Machi 29

Frieren ilifungwa Ijumaa iliyopita, episodi 28. Leo ni siku ya saba na hakuna tena episodi mpya baada ya kuandika.

Nimeandika: anaagana na watu kikavu, kama mtu anayetoka dukani. Himmel alimfundisha kuwa usilie wakati wa kuagana, maana mkikutana tena mtaona aibu.

Fungu la Aprili linaanza wiki ijayo. Nimeshapiga mistari kurasa nne.