Kabla ya kupanda mikoko angalieni maji kwanza

Kila mvua za masika zikikaribia naanza kuziona hizi picha, watu wamevaa tisheti za kufanana, matope mpaka magotini, kila mtu ameshika mche wa mkoko na chini yake wameandika leo tumepanda miche elfu kumi. Nafurahi, kwa kweli nafurahi watu wakiijali mikoko yetu. Lakini swali langu huwa ni moja, hapo mlipopanda palikuwa na mikoko zamani? Na kama ilikuwepo, ilikufa kwa nini?

Manake mkoko haufi tu hivi hivi. Hapa Mombasa, hori la Tudor, watafiti walilinganisha hali ya 1992 na ya 2009 wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya mikoko imeondoka. Asilimia 80 jamani, na tuko hapa hapa tunaangalia! Watu walikata kuni na boriti, maji taka ya mji yanaingia humo humo, halafu ikaja mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ikashusha udongo mwingi mno kutoka bara, na kwenye hori jirani la Mwache ukafunika mizizi kabisa. Ile mizizi inayochomoza juu ya tope ndiyo inayovuta hewa, ikizikwa mti unakauka umesimama. Sasa hapo ukipanda mche na udongo bado unashuka kutoka mashamba ya juu, umefanya nini?

Na hii miti iko ya aina nyingi na haikai ovyo, aliyekulia pwani anajua. Mlilana uko mbele kabisa unapigwa na mawimbi, nyuma yake mkoko wenyewe na muia, kisha mkandaa, na huko juu kwenye chumvi kali ambako maji yanafika wakati wa bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndiko unaukuta mchu. Kila mti na kimo chake cha maji. Lakini sisi tunapanda aina moja tu, ule mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, hata kitalu hazitaki sana, na tunazichomeka kule chini kwenye tope tupu kwa sababu ndiko hakuna mtu atakayekuja kusema hii ni plot yangu. Ufilipino walifanya hivyo hivyo miaka mingi, na pesa nyingi zikaingia, watafiti walipohesabu wakakuta kwenye kila miche 100 imebaki 10 au 20 tu. Tope lile lilikuwa tupu tangu zamani kwa sababu maji yanakaa juu yake muda mrefu mno, mche mdogo hauwezi kuishi hapo.

Kulikuwa na mtaalamu mmoja wa Marekani wa kurudisha mikoko, Robin Lewis, alifariki 2018, yeye alianza na maji. Kule West Lake, Florida, mahali palipokuwa pamefukiwa walichimba wakaushusha udongo mpaka kimo kinachofaa, wakafungua mifereji maji yaingie yakijaa na yatoke yakipwa, basi. Mbegu zililetwa na bahari yenyewe.

Sisemi watu wasipande. Gazi, kijiji cha pwani kusini mwa Mombasa, walipanda na wakafaulu, lakini Gazi ni kesi nyingine, pale msitu ulikatwa miaka ya 70 kuwa kuni za viwanda, miti mama ikaisha kwa hiyo mbegu zitoke wapi? Ndio maana watu wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji walipanda kuanzia miaka ya 90 mwanzoni, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni ya hekta 117, yaani watu wanalipia hewa chafu inayofyonzwa na mikoko hiyo, pesa zinarudi kwenye maji ya kunywa na shule za Gazi na Makongeni. Walikuwa wanarudisha mti mahali pake, hiyo ndiyo tofauti.

Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko yote, bahari inapanda. Mikoko inanasa tope na kujiinua pole pole lakini maji yakienda kasi kuliko tope, lazima ihame irudi nyuma, na nyuma kuna nini? Ukuta wa mtu. Barabara. Nyumba za kupangisha hadi ukingoni. Uingereza hawana mikoko, wana vinamasi vya nyasi zinazoota kwenye maji ya chumvi, na wao vilibanwa vile vile na kuta, basi pale Medmerry, kusini mwa nchi, wakajenga ukuta mpya wa kilomita 7 huko ndani na mwaka 2013 wakautoboa ule wa mbele makusudi, bahari ikaingia kwenye yaliyokuwa mashamba, na sasa ni kinamasi cha maji ya chumvi chenye ndege na samaki wadogo. Walikubali kuiachia bahari ardhi ili vijiji vya nyuma visifurike.

Sheria yetu inailinda mikoko tangu 1932 ilipotangazwa msitu wa serikali, ila inailinda pale ilipo. Ile ardhi kavu nyuma ya mchu, ambayo miaka ijayo ndiyo itakuwa ufuo, inapimwa na kuuzwa plot kwa plot sasa hivi. Kwa hiyo wenzangu wa Mikindani, Jomvu na Mishomoroni, kama bado kuna uwanja mtupu nyuma ya mikoko yenu, kabla hamjaitisha watu na miche nendeni kaunti mkaulize ni wa nani na umeandikiwa kujengwa nini, na mkiweza kuuzuia usijengwe, mchu utahamia huko wenyewe.