Hori ya Kulia Ng'ombe

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ilikuwa na zamu ya kutengeneza pango la Noeli kanisani. Tulifinyangafinyanga mifuko ya saruji, tukaipaka rangi ikawa mwamba. Akina mama wakaleta nyasi. Kumbe sanamu ya Mtoto Yesu haipo! Tukapekua kabati lote la sakristia, tukaambulia mamajusi wanne. (Wa nne sijui katokea wapi, ingawa Mathayo naye hasemi walikuwa wangapi.)

Nikamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, yapata majuma mawili kabla ya Noeli, alimwomba rafiki yake Giovanni, huko Greccio katika milima ya Italia, aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake dhiki aliyozaliwa nayo Mtoto wa Bethlehemu. Usiku wa Noeli watu wakaja na mienge na mishumaa.

Thomas wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache baadaye, katika habari ya usiku ule hataji mtu wa kuigiza Maria wala Yosefu, wala sanamu yoyote. Palikuwa na hori, na padre akaadhimisha Misa juu yake. Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaiimba Injili, na kila alipotamka "Bethlehemu" sauti yake ilikuwa kama ya mwanakondoo anayelia. Mtu mmoja aliona katika maono mtoto amelala horini kama hana uhai, Fransisko akasogea kumwamsha.

Luka hataji ng'ombe wala punda pale. Hao wanatoka Isaya 1:3. Anachotaja ni hori tu, ambayo Biblia yetu ya Kiswahili inaiita "hori ya kulia ng'ombe". Sisi tumeizoea kama kitanda cha mtoto, tunasahau kwamba ni mahali pa kulia chakula. Tena jina Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Greccio walilielewa hilo kuliko sisi wenye taa za kumetameta: pale wanyama wanapokula, ndipo Mkate ulipowekwa. Hata nyasi zile zilihifadhiwa, na Celano anasimulia kuwa mifugo wagonjwa walizila wakapona.

Tulipokuwa bado tunapekua kabati, bibi mmoja wa jumuiya akatugombeza: "Nyie, Mtoto analazwa mkesha! Leo mnamtafutia nini? Tandikeni nyasi."

Tukatandika nyasi.