Bandeji kwanza, glovu baadaye

Vijana wengi hapa Dodoma wanaoanza ngumi au mapigano mseto huvaa glovu juu ya mkono mtupu. Linaniuma sana, maana mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo huvunjika kirahisi ngumi ikitua vibaya.

Chukua bandeji ya mita 4.5. Tanua vidole vyote, ingiza gumba kwenye kitanzi, pitisha bandeji mgongoni mwa mkono, kisha zungusha kifundo cha mkono mara 3 na vifundo vya vidole mara 3. Pitisha katikati ya vidole, funga gumba, malizia kwenye kifundo cha mkono. Ukiifunga huku vidole vimebanana, ukikunja ngumi damu haipiti vizuri na mkono unakufa ganzi. Ikibana hivyo, fungua uanze upya, hata kama mwalimu anakuita.

Glovu za wakia 4, zile za mapigano mseto, zina sponji nyembamba. Ukipiga begi, ule mfuko mzito wa mazoezi, vaa za wakia 12 au zaidi, na kwenye sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, vaa za wakia 16.

Na bandeji zifuliwe kila baada ya mazoezi, jamani. Kwa jua letu zinakauka haraka, ila zianike mbali na vumbi: mchanga ukibaki ndani huchubua ngozi.